Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Bismillahi. Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana, Assalamu alaykum na hamjambo nyote.

Nawashukuru mliofika kwenye mkutano wa chama chetu cha kupanda miti hapa Mombasa. Tuko 17 katika ukumbi tuliolipia viti 60. Akidi kwa mujibu wa katiba ni 22, lakini mkutano huu umeshaahirishwa mara mbili, na katibu amenionyesha kifungu kinachosema mara ya tatu waliopo waendelee. Basi tunaendelea, na asiyekuwepo asije akasema hakuambiwa.

Shughuli za mwaka mnazijua, kwa hiyo sitazirefusha. Tulipanda miche 1,140 kwa jumla: mikoko kule Tudor, miarobaini na mikungu Majengo na Changamwe, na mikwaju michache katika shule mbili. Mei 10, siku ya mapumziko iliyotangazwa na serikali watu wapande miti baada ya mafuriko, tulitoka wengi na picha zilipendeza. Kitalu kimeendelea. Mbuzi wa jirani nao wameendelea. Mlinzi tumembadilisha. Hayo yanatosha.

Sasa nije kwa jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu, nalo ni cheti cha utunzaji wa miti ambacho chama kimemlipia kijana wetu wa kitalu.

Kwenye grupu letu yameandikwa mengi, na uko ujumbe wa sauti wa dakika nne uliotumwa saa saba usiku ambao nimeusikiliza wote. Inasemwa kwamba mwenyekiti amechukua pesa za miche akamsomeshea mpwa wake. Nijibu moja moja.

Kijana huyo si mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yake mke wangu. Kwa hesabu za ukoo mimi ni mume wa mama yake mdogo, na anayejua ukoo anajua kwamba huyo si mjomba. Alichaguliwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifungua kitalu kila asubuhi kwa miaka mitatu na zaidi, jua na mvua, na daftari la kumwagilia lipo, lina mwandiko wake. Miaka hiyo mitatu sikuibuni mimi. Shirika linalotoa cheti, International Society of Arboriculture, yaani shirika la kimataifa la wataalamu wa kutunza miti, linataka mtu awe na angalau miaka mitatu ya kazi ya miti kwa muda wote, au masomo ya chuo yanayofidia sehemu ya miaka hiyo, ndipo aruhusiwe kukaa mtihani. Na kazi hiyo lazima ithibitishwe kwa barua. Barua niliandika mimi, usiku, na taa zilikuwa zimepotea. Hilo halikutajwa kwenye grupu.

Kuna walioniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tusimpeleke mzee wetu wa Mwembe Tayari, ambaye amepogoa miti ya mji huu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Nilimwendea mimi mwenyewe. Mtihani una maswali 200 ya kuchagua jibu, kwenye kompyuta, na Kiswahili si miongoni mwa lugha zake. Unauliza habari za udongo, magonjwa, upandaji, upogoaji, hatari ya mti kuanguka, miti inayozungukwa na ujenzi, na usalama wa anayepanda juu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mimi mti nauuliza mwenyewe, baba, siuulizwi mimi." Yakaishia hapo.

Kuhusu pesa. Malipo ya kwanza yalikuwa shilingi 49,200 na ya pili 41,000, na safari mbili za treni kwenda Nairobi pamoja na malazi zikafika 14,400. Jumla 104,600. Imesemwa kwamba niliyagawa malipo makusudi kwa sababu katiba inataka matumizi yanayozidi 50,000 yaletwe kwenye mkutano mkuu. Sikupanga hivyo. Malipo ya pili yalikuja kwa sababu mara ya kwanza kijana hakupita, na hakuna mtu anayepanga bajeti ya kufeli. Kamati ilikaa, tulikuwa watano kati ya tisa, tukakubaliana arudie. Wanne wasiokuja walikuwa na nafasi ya kupinga kama wangekuja.

Alifeli, ndiyo, na sitalificha. Vitabu vya kujiandaa vimeandikwa na watu wanaofikiria miti ya Marekani inayopukutisha majani kwa ajili ya baridi. Kijana alikaa chini ya mwembe akikariri miti ambayo hajapata kuiona. Septemba alirudi, akapita. Jina lake sasa limo katika orodha ya shirika hilo, na kwa wanaopenda kuhesabu watu wa pwani hii wenye cheti kama chake, nawaachia wahesabu.

Mnaniuliza chama kimepata nini. Nitawaeleza kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu.

Mnaujua mkungu ulio kando ya madrasa Majengo. Februari, kijana akiwa bado anajisomea, tawi moja lilikuwa limelalia mabati na watoto wako chini yake. Sote hapa tungepiga panga mara moja, tawi lingeanguka likichuna gome hadi katikati ya shina. Yeye alikata mara tatu. Kwanza alianza kwa chini, umbali wa futi moja hivi kutoka shinani, akaacha msumeno usimalize. Kisha akakata juu, mbele kidogo ya pale alipokata chini, kuelekea nchani mwa tawi, na tawi likashuka bila kurarua kitu. Mwisho akaondoa kigutu kilichobaki, lakini si kwa kukiparua sawasawa na shina kama tulivyozoea. Aliacha ule uvimbe ulio shingoni mwa tawi, pale gome linapojikunja kama ukosi wa shati.

Mzee wetu alikuwapo na kopo lake la lami. Alitaka kupaka. Akasema, "Mti ulo na kidonda hauwatwi wazi, baba." Kijana, kwa adabu, alisema mti haufungwi dawa kama mguu. Akamtaja mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya mashina kuangalia ndani, akaona kuwa mti hauponyi kidonda bali hukizungushia ukuta wake mwenyewe, na kwamba rangi na lami havizuii kuoza. Wakabishana mpaka adhuhuri. Kopo halikufunguliwa. Nilipompeleka mzee pale mwezi wa Oktoba, gome jipya lilikuwa limezunguka pale pote, limetuna kama midomo inayofumba. Aliligusa kwa kidole gumba akasema, "Haya." Kwa wanaomjua, hiyo ni hotuba.

Ndugu zangu, serikali imetangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kupanda kila mtu anataka, hata sisi. Lakini kisiwa hiki kimekalia jiwe la matumbawe, udongo ni mchache, mizizi inaenda pembeni badala ya kwenda chini, na tukishapanda watu wanakuja kumwaga saruji hadi shingoni mwa mti, kisha kusi ikivuma mti ukaangukia gari tunasema ni kazi ya Mungu. Wengine hukata vilele vyote ili nyaya zipite, na mti huo huchipua vijiti dhaifu vinavyovunjika baada ya miaka michache. Ukienda ofisini kulalamika unaulizwa wewe ni nani. Sasa tuna mtu wa kujibu swali hilo kwa karatasi. Hoteli moja ya kaskazini imeshatuita kukagua miti yake. Malipo tumeahidiwa.

Cheti hicho hakikai milele. Kila miaka mitatu anatakiwa awe amekusanya vipindi 30 vya masomo ya kuendelea, la sivyo arudie mtihani. Gharama yake tutaitazama wakati huo.

Hesabu, kwa ufupi, na mweka hazina atajibu maswali. Tulianza na 48,750, ada zikaleta 61,300, miche iliyouzwa 112,000, jumla 222,050. Tulitumia 104,600 kwa cheti, 72,000 kwa mlinzi na maji ya bauza (lori la maji), 18,500 kwa vifaa, na 9,800 kwa chai ya mikutano. Zimebaki 17,150.

Tazameni hapo kwenye ada. Tumeandikishwa 64, ada ni shilingi 200 kwa mwezi. Tungekuwa na 153,600. Chini ya nusu yetu ndio waliolipa chochote, na miongoni mwa waliopiga kelele zaidi kuhusu cheti nimewakuta wawili tu kwenye daftari. Mwezi wa Julai mahamri yalihudhuriwa kuliko ajenda. Nilihesabu.

Mwaka ujao tunatumaini, tukijaaliwa, kupata kitalu kikubwa zaidi, kuanza kuhesabu miti ya mitaa michache, na pengine kijana aendelee na ngazi ya utaalamu wa miti ya miji ambayo shirika lile linayo kwa wenye cheti tayari. Hakuna kilichoamuliwa, msianze tena.

Uchaguzi ni mkutano ujao. Mimi sing'ang'anii kiti. Nikiombwa nitafikiria.

Ada zilipwe kwa simu ya mweka hazina, si yangu. Na aliyeazima ngazi ya chama mwezi wa Agosti airudishe, maana kijana sasa anapanda kwa ngazi ya msikiti.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti