Kabla ya kuandika "utafiti umeonyesha", muulizeni aliyeshika dodoso

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nitaandika ndefu, punguzeni mnavyotaka ila pale kwa mama ntilie msipaguse.

Mimi nimefanya kazi ya udadisi miaka 11, yaani ni yule kijana (siku hizi sio kijana tena) unayemuona mtaani na begi mgongoni na kishikwambi mkononi anapiga hodi, "shikamoo mama, tunafanya utafiti kidogo, hatutachukua muda", na hapo kwenye muda ndo tunapoanzia kudanganya. Takwimu sijasomea, nina diploma ya maendeleo ya jamii tu, lakini nimeuliza watu maswali kuanzia Mbagala mpaka Kasulu, na nikisoma gazetini "utafiti umeonyesha asilimia kadhaa ya wananchi" huwa nacheka peke yangu kwenye daladala. Sio kwamba kuna mtu kakaa akatunga uongo, hapana, mara nyingi kazi inakuwa imeshaharibika kule kwenye kupanga, kabla hata sisi hatujapanda basi.

Ngoja niwape mfano. Miaka kadhaa nyuma kampuni moja, jina naliacha, ilitupa kazi ya kuhoji wafanyabiashara wadogo ili wafadhili wajue watoe mikopo ya namna gani. Dodoso lina maswali zaidi ya mia mbili, limeandikwa Kiingereza halafu likatafsiriwa usiku mmoja, inaonekana. Nikamkuta mama mmoja anapika wali na chapati karibu na stendi, amekalia ndoo iliyopinduliwa anachambua mchele, nikamsomea swali kama lilivyo: kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi? Akaniangalia, akatoa jiwe kwenye ungo akalitupa, akasema "mwanangu, mimi mwezi siujui, mimi naijua jioni".

Na kweli anaijua. Hela ya mchele ya kesho kaifunga kwenye pindo la kanga, ya mkaa iko kwenye kopo la Blue Band, ya mchezo wa kina mama sikuonyeshwa ilipo. Jioni anatoa mchele, mafuta, mkaa, maji ya dumu, ushuru, kinachobaki ndo cha watoto, na siku ya mvua hakibaki kitu. Ningekaa nae nusu saa nikamuuliza jana ulipika kilo ngapi, ulinunua kwa bei gani, sahani umeuza ngapi, ulirudi nyumbani na nini, hesabu ingepatikana tena nzuri tu. Lakini kishikwambi kina kisanduku kimoja na hakikubali kuruka swali. Nikaandika 150,000. Jioni tunakutana na wenzangu, kumbe kila mtu kaandika laki, laki na nusu, laki mbili, hakuna mfanyabiashara hata mmoja Mbagala nzima anayeingiza 137,400! Ripoti ilipotoka ilikuwa na grafu ya rangi nzuri sana.

Lile swali lingekufa siku ya kwanza kama kungekuwa na pailoti, yaani siku mbili tatu za kulijaribu dodoso kwa watu wa kweli kabla ya kazi yenyewe, halafu wadadisi wanarudi wanasema hili halieleweki, hili linatukanisha, hili watu wanalicheka. Pailoti ndo kitu cha kwanza kukatwa bajeti ikibana. Semina ya uzinduzi na mabango yake haikatwi.

Na msidhani namna ya kuuliza ni kitu kidogo. Mwaka 2007 na 2008 hapa hapa Tanzania watafiti walifanya jaribio, Benki ya Dunia nayo ilihusika, wakachukua kaya kama 4,000 kwenye wilaya 7 wakazigawa kwa bahati nasibu, wakazipima matumizi kwa njia 8 tofauti, wengine wanaandika kwenye daftari kila siku, wengine wanaulizwa ulikula nini siku 7 zilizopita, wengine siku 14, wengine wanasomewa orodha ndefu ya vyakula na wengine orodha fupi. Wenye orodha ndefu wakaonekana wanatumia zaidi kuliko wenye fupi. Watu ni wa aina ile ile, vijiji vile vile, umaskini unapanda na kushuka bila mtu kuongezewa hata kilo moja ya sembe.

Halafu kuna la nani anaulizwa. Wazee wa nafaka wanalijua bambo, kile chuma cha kutoboa gunia, mnunuzi hachomi juu tu, anachoma juu, katikati na chini, maana anajua muuzaji mjanja maharage mazuri kayaweka wapi. Sasa sisi mtaani tunachoma wapi? Tunaambiwa "ruka nyumba nne ingia ya tano". Ya tano ni nyumba ya kupanga, vyumba sita, choo kimoja, luku moja ya umeme wanayogombania, kila chumba wanapika chungu chao, kwahiyo hizo ni kaya sita sio moja. Nimhoji nani? Namhoji aliyekaa barazani. Na saa nne asubuhi anayekaa barazani ni bibi, au mama mwenye kichanga, au kijana ambaye kweli hana pa kwenda. Konda, machinga, mtu wa kiwandani wote wametoka saa kumi na moja alfajiri. Baadae mnaandika kwamba wakazi wengi hawana ajira, jamani, ukimfuata mtu nyumbani kwake saa nne asubuhi siku ya Jumanne umetegemea umkute nani?

Dawa yake inajulikana, sio siri ya profesa. Unazunguka kwanza na mjumbe mnaorodhesha kaya zote, unapiga kura zipi zihojiwe, halafu aliyechaguliwa unamfuata mpaka umpate, jioni, Jumapili, hata mara tatu, huchukui jirani yake kwa sababu yuko karibu. Ila mdadisi kawekewa dodoso sita kwa siku na asipofikisha posho inakatwa, nani atarudi usiku kumsubiri konda?

Waliowahi kufanya hivyo kwa bidii mpaka leo nawaheshimu ni wale wa Kagera. Walianza mwaka 1991 mpaka 1994 na kaya mia tisa na kitu, kipindi ambacho UKIMWI unaumaliza mkoa ule, wanataka kujua kifo kinaiacha vipi familia. Mwaka 2004 wakarudi, na hawakuishia kwenye zile nyumba za zamani, walimtafuta kila mtu aliyekuwemo, aliyeolewa kijiji cha pili, aliyehamia Mwanza, Dar, hadi waliovuka kwenda Uganda, wakafikisha kaya zaidi ya 2,700. Ndo ikaonekana kwamba waliohama, ukilinganisha na ndugu zao waliobaki, ukuaji wa matumizi yao ulizidi kwa pointi 36 za asilimia. Wangepiga hodi nyumba za zamani tu wangeondoka wanasema watu wa hapa hawajasogea sana, kumbe waliosogea sana ndo hawakuwepo kujibu.

Lingine ni adabu zetu wenyewe. Sisi mtu akiumwa ukimuuliza vipi hali anasema nzuri, kwanza nzuri, ndo baadae akueleze anaumwa. Sasa unamsomea "je, unaridhika kiasi gani na huduma ya zahanati, naridhika sana, naridhika, siridhiki", na mwenyekiti wa mtaa kakaa pembeni anakunywa maji, yeye ndo kakuleta. Atajibu nini? "Tunashukuru Mungu". Mimi nikaweka naridhika. Ungemuuliza mara ya mwisho ulienda lini, ulikaa foleni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, dawa ulipewa pale au uliandikiwa ukanunue duka la nje, angekujibu vizuri kabisa na hapo hajamsema mtu. Na wakikuona na kishikwambi wanakupa cheo wenyewe, wakidhani ni TASAF, wale wa kusaidia kaya maskini, kuku na pikipiki vinahamia kwa jirani, wakidhani ni TRA, watu wa kodi, duka linakuwa la shemeji.

Vibali sina ugomvi navyo, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), mkoa, wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kata, ni mzunguko lakini una maana. Ninachotaka kuona kwenye karatasi ya kwanza ya mpango wa utafiti ni jibu la swali moja, majibu haya nani atayatumia kuamua nini? Kama halmashauri inataka kujua soko lijengwe wapi, basi kila swali lisilosaidia kujua soko lijengwe wapi litoke. Mia mbili zinashuka mpaka arobaini na ugali wa watu hauungui.

Nyie mnaoandika habari, ripoti ikija mezani msianze na ile asilimia. Pigeni simu, ulizeni swali lenyewe liliulizwa kwa maneno gani, saa ngapi, nani alikuwa anasikiliza, waliokosekana nyumbani waliishia wapi. Wakishindwa kujibu hayo kwenye simu, habari isubiri.

Wiki iliyopita nimepita pale stendi kula, yule mama bado yupo, ndoo ile ile, akanikumbuka akaniuliza "zile habari zangu ulizoandika zilifika wapi?". Nikaagiza chapati nyingine.

Ni mimi msomaji wenu,
Mdadisi, Mbagala, Dar es Salaam