Tusione haya kusema hatujui kuogelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wale wanaodunduliza fedha ili wawapandishe wazazi na watoto kwenye meli za kitalii za Karibiani. Kurasa za safari hutuandikia vyakula vya melini, muziki wa usiku na rangi ya maji. Ni habari nzuri, nami huzisoma. Lakini siku meli inapotia nanga na familia ikapanda chombo kidogo kwenda kutazama samaki kwa miwani na mrija wa kupumulia, kuna swali ambalo wengi wetu hulijibu uongo, tena mbele ya watoto wetu: "Nyote mnajua kuogelea?"

Sisi tuliulizwa Grand Cayman, mwezi wa Julai. Tulikuwa mimi, mume wangu, binti yetu Nasra wa miaka 9, mdogo wake Idi wa miaka 6, na mama mkwe wangu, ambaye safari ile ilikuwa zawadi yake. Kisiwa kile hakina gati la meli kubwa. Aprili 2025 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka lijengwe, wakakataa. Kwa hiyo meli hukaa nje ya mji wa George Town, na abiria huteremshwa kwa mashua hadi pwani. Kabla hujakanyaga nchi kavu umeshavuka kutoka chombo hadi chombo, mtoto umemshika mkono, maji yakipanda na kushuka chini ya miguu yako. Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama watu wa kundi letu. Waliokuwa wakicheka kwa sauti kubwa kuliko wote ndio waliokuwa wameng'ang'ania nguzo.

Basi likatuvusha hadi upande wa North Sound, ile ghuba pana iliyokingwa na mwamba wa matumbawe, tukapanda katamarani, chombo cha tanga chenye miili miwili sambamba. Kijana wa kisiwani aliyekuwa akituongoza alichukua kipaza sauti na kuuliza lile swali. Vichwa vyote vikaitikia. Mume wangu naye akaitikia, na mimi najua kwamba hajawahi kuvuka bwawa la kuogelea kutoka ukingo hadi ukingo.

Mama mkwe akanigusa. "Anasemaje huyu?"

Nikamwambia.

"Mwambie mimi sijui hata kidogo. Na huyu mwanangu naye hajui, asijitie kujua."

Nikatafsiri yote mawili, kwa sauti ya kusikika. Mwanzoni kimya. Kisha mama mmoja wa nyuma akainua mkono, halafu mzee aliyekuwa na wajukuu zake, halafu wasichana wawili waliokuwa wamekaa karibu na mlingoti. Kijana hakucheka wala kukunja uso. Alifungua sanduku, akatoa majaketi ya kuokoa maisha yale manene ya sponji, na boya la duara lenye kamba ndefu. Vitu hivyo vilikuwemo chomboni tangu asubuhi. Visingetoka sandukuni kama mwanamke mmoja mtu mzima hangesema ukweli.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Katika safari hizi watu hupewa fulana nyembamba ya njano inayovaliwa kichwani na kufungwa kiunoni. Ina kamrija kadogo kifuani cha kupulizia. Isipopulizwa haielei, ni kitambaa tu. Hutolewa hivyo ili mwenye kujua kuogelea aweze kuzama kidogo akitaka, kisha aijaze upepo akichoka. Mtu asiyejua kuogelea akiivaa ikiwa bapa huamini amekingwa, kumbe hana kitu. Siku ile niliwaona wengi wakishuka ngazi nazo zimebandika kifuani, na hakuna aliyewaambia. Asiyejua kuogelea aombe jaketi la sponji, lile lisilohitaji kupulizwa. Na kwa mtoto ni hilo hilo, la kipimo chake, lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja. Mwambie anyanyue mikono, kisha vuta jaketi juu kwa mabega. Likipanda hadi kuziba kidevu, ni kubwa mno, dai jingine. La Idi lilipanda mpaka masikioni, tukabadilisha mara mbili.

Tulisimama kwanza kwenye fungu la mchanga wanaloliita Stingray City. Wenyeji husimulia kuwa wavuvi walizoea kusafishia samaki wao kwenye maji yale yaliyotulia nyuma ya mwamba, wakitupa matumbo na vichwa, na samaki taa wakajifunza kuja wakisikia chombo. Leo wanakuja kwa ajili ya watalii. Maji humfika mtu mzima kiunoni, lakini Nasra yalimfika kifuani, na Idi hakuweza kusimama hata kidogo. Sheria za pale ni nzuri: hutakiwi kumnyanyua taa nje ya maji, na unakwenda ukiburuta miguu mchangani badala ya kuinua hatua, ili usije ukamkanyaga aliyejifukia akakuchoma kwa mwiba wa mkiani. Kijana alimpa Nasra kipande cha ngisi, akamfundisha kukishika kwenye kiganja kilichofunguka, kidole gumba kimefichwa ndani. Taa jike mkubwa, mpana kuliko meza yetu ya kulia, akapita juu ya mkono wake na kuufyonza ule ngisi kwa mdomo ulio chini ya tumbo. Nasra alipiga ukelele mrefu, kisha akaomba kipande kingine. Mama mkwe alikuwa ndani ya boya lake, akampapasa ubavuni na kusema ngozi ile ni laini kama uyoga uliolowa.

Halafu tukaenda Coral Gardens, na pale maji ni mengine. Miguu haifiki chini kila mahali, na pale inapofika kuna matumbawe ambayo ni marufuku kuyakanyaga. Hapo ndipo yule mtu aliponitia hofu.

Alikuwa baba wa makamo, mmoja wa walioitikia swali kwa kichwa. Fulana yake ya njano ilikuwa bapa. Wimbi dogo liliingia kwenye mrija wake, akainua kichwa, akang'oa miwani usoni. Hakupiga kelele. Mimi ni muuguzi, na nimefundishwa kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unatoka majini na kurudi, pumzi yote inakwenda kutafuta hewa, hakuna inayobaki ya kutoa sauti, na mikono inakandamiza maji kwa pembeni kana kwamba anapanda ngazi. Mke wake alikuwa juu ya sitaha akimpiga picha mtoto wao upande wa pili. Nilipiga kelele mimi. Kijana wetu alikuwa amekwisha kumwona. Alimfikia, akamgeuza chali, akamwegemeza kwenye boya la mama mkwe, ndilo lililokuwa karibu. Alikohoa sana, akapandishwa, akakaa amejifunika taulo mpaka tuliporudi. Alipona. Mguu wake ulikuwa na mkwaruzo mrefu wa matumbawe, kwa kuwa alipokuwa akitapatapa alijaribu kusimama juu yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wodini nimeuona ukweli wake kwa wagonjwa. Baharini unafika haraka zaidi. Najua kwa nini tunaficha. Mwanamume hataki kusema mbele ya mkewe. Aliyezaliwa pwani huona ni fedheha, kwa sababu kila mtu anadhani mtoto wa pwani ameogelea tangu tumboni. Wanawake wengi wa rika la mama mkwe hawakupata hata nafasi ya kujifunza. Bahari ilikuwa ya wavuvi na watoto wa kiume. Hakuna kosa hapo. Lakini mtoto anayemwona baba yake akisema uongo juu ya maji atasema uongo huo huo siku yake.

Na wenye vyombo nao wana lao. Swali la uhai haliulizwi kundi zima kwa kipaza sauti, muziki ukiwa unapigwa. Aulizwe kila mtu peke yake anapoandikishwa, kwa sauti ya chini, na asiyejua avishwe utepe wa rangi mkononi ili walio majini wamtambue. Ni gharama ndogo mno kulinganisha na nauli tunayolipa.

Wanafamilia wengine huniambia, basi asiyejua abaki sitahani atunze mikoba. Siafiki hata kidogo. Mama mkwe aliona kuliko sisi wote. Alilala kifudifudi, mikono imeshika boya, kijana akamvuta taratibu kwa kamba, na kwa kuwa hakuwa na kazi ya kupiga miguu alitazama tu. Aliwaona pono wakitafuna mwamba, na akasikia meno yao. Ukitulia majini unayasikia kweli. Alipoambiwa kwamba mchanga mweupe wa fukwe zile kwa sehemu kubwa hutoka tumboni mwa pono hao, alimtaka kijana arudie. Aliona matumbawe ya zambarau yaliyotanda kama vipepeo vya mkono yakiyumba, na mengine yenye mikunjo ya ubongo yakiwa na madoa meupe. Yale madoa ni ugonjwa. Ulionekana kwanza Florida mwaka 2014, ukafika Grand Cayman mwaka 2020, na miamba ya huko inazidi kuumia kila bahari inapopata joto kali kama ilivyokuwa mwaka 2023. Mtu anayeelea vizuri hayagusi matumbawe hayo. Anayetapatapa huyavunja.

Kuhusu mavazi, kwa wanawake wanaopenda kujisitiri: kanga na dera zikilowa huwa nzito, na huzunguka miguu. Mama mkwe alivaa suti ya kuogelea ya mikono mirefu na kofia ya kitambaa hicho hicho, na kijana akasema angependa abiria wote wavae vile, kwa sababu nguo hukinga jua bila kuacha mafuta majini. Visiwa vya Virgin vya Marekani tangu mwaka 2020 vimepiga marufuku mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati, kwa ajili ya matumbawe. Ukiwa na nguo ndefu unabaki na uso na viganja tu vya kupaka.

Jambo jingine linalowafanya watu wasivalishwe sawasawa ni haraka, na haraka hutokana na saa. Meli yetu ilitoka Miami na ilibaki na saa za Miami. Cayman hawabadilishi saa majira ya joto, hivyo Julai wako saa moja nyuma. Simu ikishika mtandao wa kisiwani hujirekebisha yenyewe, na mtu akiambiwa mashua ya mwisho ni saa tisa na nusu alasiri, akatazama simu, atadhani ana saa nzima ambayo hana. Vaeni saa ya mkononi iliyowekwa saa za meli, msiiguse. Mkikodi chombo kwa watu binafsi badala ya kupitia meli, kumbukeni pia kwamba meli haiwajibiki kuwasubiri, na bei mtakayoona kwenye ubao inaweza kuwa ya dola ya Cayman, ambayo moja ni dola 1.20 za Marekani. Lakini hata mkichelewa kushuka majini kwa dakika 10, zitumieni kumvalisha mtoto. Wekeni miwani usoni pake bila mkanda, avute pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe inamfaa, ikidondoka tafuteni nyingine. Unywele mmoja tu ukipita chini ya mpira, maji yataingia.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni kwamba kurasa za safari zikiandika tena juu ya meli hizi, mwandishi aulize yale maswali: jaketi za sponji ziko ngapi, za watoto zipo, nani yuko majini pamoja na abiria na nani anatazama kutoka juu. Wasomaji waliokwenda Cozumel, Roatán au Barbados na wazee wao nao wangetuandikia ni vyombo vya namna gani vina ngazi pana ya kushukia majini, maana mama mkwe anataka kwenda tena na magoti yake hayapendi ngazi za chuma.

Wako,
Mama Nasra