Beji ya mzee wa chumba cha mwisho

Minneapolis

Baba, shikamoo.

Pesa za dawa za Mama nimetuma jana, nijulisheni zikiingia. Jumapili uliniuliza kwa nini Wamarekani, na wingi wao wote huu, wamekubali kubanwa na vyama viwili, Democratic na Republican. Kwenye simu nilikujibu kwa mkato tu. Acha leo nikujibu vizuri.

Katika makao ya wazee ninakofanya zamu ya usiku kuna mzee aliyekuwa fundi mitambo. Ndani ya droo yake, pamoja na miwani, ameweka beji ya kampeni ya Ross Perot ya 1992. Rangi imebambuka, pini imeshika kutu. Nikimfunika blanketi huniambia, "Tulimpigia watu milioni 19." Na ni kweli, Baba. Perot, tajiri wa Texas aliyegombea urais nje ya vyama hivyo viwili, akanunua nusu saa nzima ya televisheni ili awaonyeshe wananchi chati za deni la taifa, alipata karibu asilimia 19 ya kura. Lakini huku rais huamuliwa na wajumbe 538 wa majimbo, na karibu kila jimbo humpa anayeongoza wajumbe wake wote. Perot hakuongoza hata jimbo moja. Hakuambulia mjumbe yeyote.

Mwaka 1995 akaanzisha Reform Party. Walitaka serikali isitumie kuliko inachokusanya, wabunge wawekewe ukomo wa mihula, na pesa za wakubwa zisinunue siasa. Mwaka 1996 alifungiwa nje ya midahalo, akapata asilimia 8. Hata hivyo 1998, hapa hapa Minnesota, mgombea wao Jesse Ventura, aliyekuwa mcheza mieleka, aliwashinda wa vyama vyote viwili akawa gavana kwa asilimia 37. Hapa mtu anaweza kujiandikisha siku ile ile ya kura, na vijana wengi walifanya hivyo. Treni ninayopanda asubuhi nikitoka kazini, Ventura aliipigania sana hadi ikaanza kujengwa.

Kilichoniuma ni 2000. Kwa sababu ya zile asilimia 8, chama kilistahili dola milioni 12.6 za serikali kwa kampeni ya urais. Chama kilichozaliwa kuondoa uchu wa pesa katika siasa kikararuana, na ngawira ilikuwa mezani. Ventura alishajitoa chamani Februari. Agosti, mjini Long Beach, wakafanya mikutano miwili, kila upande na mgombea wake. Pat Buchanan ndiye aliyepata zile pesa, akarudi na asilimia 0.4.

Wewe haya unayajua. Desemba 1992 uliondoka nyumbani gizani kwenda kupiga foleni, FORD, chama chetu cha upinzani Kenya, ikiwa imeshapasuka vipande viwili, kimoja cha Matiba, na Rais Moi akapita kwa asilimia 36. Naamini kabisa kwamba watu wapo tayari kwa chama cha tatu, huku na huko. Kinachowarudisha ni hofu: nikimpa nimpendaye, nisiyemtaka atapita.

Ndiyo maana karatasi ya kura ya umeya hapa mjini ilinifanya nisimame kidogo kwenye kile kibanda. Ina safu tatu za viduara. Safu ya kwanza nikapaka wino kwa mgombea mdogo asiye na pesa, ya pili kwa mwingine, ya tatu kwa mwingine tena. Wa kwanza wangu akitolewa kwa kuwa na kura chache, kura yangu inahamia kwa wa pili, haipotei. Minneapolis wanahesabu hivi tangu 2009, na jimbo la Maine tangu 2018. Nilimweleza mzee wangu, akaishika beji yake akanyamaza muda mrefu.

Hebu niandikie, Baba. Ungekuwa na safu tatu mwaka ule, ungewapangaje? Wa kwanza ni Matiba, hilo nalijua. Nataka kumjua wa pili.

Msalimie Mama, mwambie asilikaze goti kwenye baridi ya asubuhi.

Binti yako