Mpandishe mdogo wako kwa treni

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hamisi ameshapata viza, Alhamisi anasafiri, na tangu juzi ananisomea mipango yenu ya Jumamosi kule Croix-Rousse, kile kilima cha Lyon. Nimefurahi. Ila nasikia mtapanda kwa miguu kutoka Terreaux huko chini. Mdogo wako ana pumu, Zuhura. Mwezi huu wa pili Lyon ni baridi, na ngazi zile hazina huruma. Kifua kitambana hata nusu hamjafika.

Pandeni metro C pale Hôtel de Ville. Ile ina reli ya meno, mwinuko wote inaumaliza yenyewe, mnashukia kituo cha Croix-Rousse mko juu tayari. Kurudi ndiyo mteremke kwa miguu.

Siku yetu mimi nawe huko sikuhadithii, unaijua. Yeye ndiye hajaona kitu, nawe ukishika njia hungoji mtu. Mwanzishie Maison des Canuts, yale makumbusho ya wafumaji wa hariri, aone mashine ya kufumia ya Jacquard: kadi zenye matundu zinavyoamua uzi upi uinuke, upi ubaki. Anasoma kompyuta, hilo litamwingia kuliko lilivyoniingia mimi fundi cherehani. Mwonyeshe dari za nyumba zile, karibu mita 4 kwenda juu, kwa kuwa vitanda vya kufumia hariri visingeenea kwingine. Na umweleze ya 1831, wafumaji walipotelemka mjini na bendera nyeusi kudai bei ya kazi yao, imeandikwa "Kuishi tukifanya kazi au kufa tukipigana". Ulinisimulia vizuri mno. Niliporudi Tanga niliwapa mafundi wenzangu habari ile yote, nikasema mwanangu ndiye aliyenifundisha, maana na sisi kila ikikaribia sikukuu tunavutana na wateja juu ya bei ya kushona.

Traboules, vile vichochoro vinavyopenya ndani ya majumba, mpite, ila mseme polepole, mle wanaishi watu. Mkifika Cour des Voraces, ile ngazi ya ghorofa sita aitazame kutoka uani. Asiipande! Atataka kukuonyesha kwamba anaweza. Lushoto unaikumbuka, sisemi zaidi.

Dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, isiwe kwenye mkoba wako. Nawe simu uipokee. Juzi nimepiga mpaka nikachoka, ukaniandikia neno moja tu, "darasani". Sawa, masomo kwanza, lakini usiku ule sikulala.

Bibi hajambo, goti tu. Hela uliyotuma imeingia kwenye bati la jikoni, na fundi bado anadai misumari. Nimempa Hamisi bizari ya pilau na iliki yako, usimgawie yule mwenzako yote.

Nijibu hilo la metro, umekubali au hukukubali. Na ukishampokea uwanjani nipigie, hata iwe usiku wa manane.

Mama yako