Mama kaisikiliza hiyo santuri yako

Mwanangu, marahaba. Meseji zako nimeziona zote, sikujibu haraka kwa sababu ulisema nisikilize kwanza ndo niongee, haya nimesikiliza, New Brigade, albamu ya kwanza ya hiyo bendi yenu ya panki Iceage, mwanzo mpaka mwisho, na sio kwenye simu, kwenye spika za baba yako pale sebuleni, jirani wa chini akagonga bomba weee mpaka akachoka mwenyewe.

Kwanza ni fupi! Nyimbo 12 dakika 24 hivi, maharage niliyobandika hata hayajaanza kulainika albamu imeisha, nikairudia. Wanaanza na makelele tu ya chini chini, wimbo hakuna, halafu inaingia ile White Rune na magitaa yanakwaruza mpaka nikaenda kuangalia kama waya umechomoka. Huyo kijana Elias anaimba Kiingereza lakini anayatafuna maneno, Kiingereza changu cha Tanga hakikufua dafu hapo. Nilikuwa najiandaa kukwambia baba hii sio muziki, ila nilivyorudia mara ya pili nikamsikia mpiga drams wao.

Huyo Dan msikilize vizuri, nakwambia wewe kwa sababu na wewe ndo unapiga. Wewe ukisikia hadikoo, hiyo panki ya kasi na makelele, unadhani ni kutwanga kwa hasira mpaka mkono ufe ganzi. Sasa angalia wanachofanya wale: wimbo unakimbia, unaona kabisa huu unasambaratika sasa hivi, gitaa huku besi kule, halafu ghafla wanakata, na wote wanne wanarudi kwenye pigo moja. Hiyo haitokei kwa bahati, wamefanya mazoezi hao. Na mwishoni kwenye You're Blessed kuna melodi kabisa, nilijikuta naivumisha jikoni, dada yako akanicheka.

Kitu kingine nilichopenda ni kwamba hawakusubiri kuitwa. Bendi walianzisha 2008 wakiwa watoto wa shule hapa hapa Copenhagen, Januari 2011 albamu ikatoka kupitia Escho, lebo yaani kampuni ndogo tu ya muziki ya hapa mjini, katikati ya mwaka huo huo ikatoka na Marekani, na ya pili 2013 wakawa wako Matador, lebo ya Marekani. Kwa hiyo hiyo habari ya "tusubiri studio nzuri" usiniletee tena, rekodini na hicho mlichonacho.

Ila unaposema ni vijana tu waliokuwa wamebored, hapo hapana, wewe ulikuwa hujazaliwa. Machi 2007 mimi na baba yako tunakaa mtaa wa Nørrebro hapa mjini, asubuhi ya tarehe 1 tukaamshwa na helikopta, polisi wanashushwa juu ya paa la Ungdomshuset, yaani Nyumba ya Vijana, barabara ya Jagtvej namba 69. Nyumba ile ilijengwa na wafanyakazi 1897, ndo ile ile 1910 wanawake walikutana, Mjerumani Clara Zetkin akaleta hoja ya siku ya wanawake duniani, baadaye ikawa ya vijana, wanapiga panki usiku kucha. Manispaa ikaiuza, ikaishia kwa kikundi cha dini kinaitwa Faderhuset, na hao wakataka vijana watoke. Fujo siku kadhaa, magari yanaungua, moshi wa machozi unaingia mpaka madirishani kwetu, watu mamia wakakamatwa, halafu wabomoaji wakaja wamefunika nyuso wasijulikane. Nilipita pale baada ya siku chache, kiwanja kitupu, maua na mishumaa kwenye uzio kama msiba. Hao Iceage wakati huo ni watoto wa miaka kumi na nne kumi na tano kwenye mji huo huo. Mwaka uliofuata vijana walipewa jengo lingine, barabara ya Dortheavej, lakini sikwambii ndo chanzo cha nyimbo zao, nakwambia tu panki wa mji huu walikuwa na cha kukasirikia.

Haya tuje kwenye hilo la tisheti. Hiyo alama mnayotaka kuchora kwenye tisheti, kwenye drams na kwenye matangazo ya shoo yenu, inayofanana na rune, zile herufi za kale za huku Ulaya Kaskazini ambazo mafashisti nao wanazitumia, mimi nasema hapana. Najua utaniambia mama ni urembo tu. Hao wenyewe ilipotoka albamu waandishi waliwauliza sana, maana alama walizotumia na michoro ya Elias ilifanya watu wadhani wanachezea ufashisti, wakakataa, wakasema siasa hizo sio zao. Sawa, mimi nawaamini, sina sababu ya kutowaamini. Lakini kijana mweupe wa Copenhagen akivaa rune akipanda treni anaulizwa maswali na waandishi wa muziki. Mimi nakaa nchi hii muda mrefu, nimeshawahi kuhama behewa kwa sababu ya alama shingoni mwa mtu, na mtu huyo hakuwa anaimba. Wewe ukiivaa wenzako weusi huko shuleni watakuuliza, na jibu la "ni bendi tu" halitawatosha, wala mimi halinitoshi. Kama mna jibu lingine nipe nitalisikiliza. Kama hamna, chora kitu kingine, mbona unachora vizuri sana.

Albamu sikwambii uitupe, nimeshaizoea hata mimi. Shoo nenda, ila nasikia zamani watu walikuwa wanatoka kwenye shoo zao wanavuja damu na picha wanapiga, sasa wewe kaa huko nyuma ya drams zako na meno yako yote.

Ijumaa ukija njoo na zile fimbo zilizovunjika, baba yako anasema kuna duka karibu na kazini kwake wanauza bei nzuri ila anataka kuona saizi kwanza. Na jirani wa chini mletee keki, nimeshamwahidi.

Mama