Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkaa Upungue, na Uwe na Karatasi

Ndugu wanachama, mama lishe na baba lishe wenzangu,

Nawasalimu nyote kwa heshima, mliofika mapema na mtakaotukuta njiani baada ya kuuza chai ya asubuhi. Mambo ya kawaida ya chama nitayapitia kwa ufupi. Mfuko wa kuzikana umefanya kazi yake. Kila familia iliyofikwa na msiba ilipata haki yake kabla ya mazishi. Upimaji wa afya umefanyika, na wale ambao vyeti vyao vinakaribia kuisha wamuone katibu leo leo. Suala la vibanda tulivyoambiwa tuvisogeze bado linajadiliwa na serikali ya mtaa, na kamati itawaletea majibu yakipatikana. Hesabu atazisoma mhazini.

Jambo ninaloomba tulizungumze kwa kirefu ni mkaa. Kwa wengi wetu, ukiondoa chakula chenyewe, hakuna kinachokula fedha ya mtaji kama mkaa. Na ni sehemu ya biashara yetu inayogusa watu na ardhi tusivyoviona tukiwa hapa Temeke tunakoroga maharage.

Tuanze na bei. Ukimuuliza muuzaji kwa nini gunia limepanda, atakutajia dizeli, barabara, ushuru wa mageti, wapakiaji na wapakuaji. Yote ni kweli. Ambacho mara nyingi hakimo kwenye orodha yake ni mti wenyewe. Mchomaji aliyeingia kwenye msitu usio na mwangalizi hakumlipa yeyote kwa ule mti. Alilipa nguvu zake, shoka lake na siku alizolala porini akilinda tanuri lisipasuke likageuza kuni zote kuwa majivu. Kwa hiyo gunia lake linakuja mjini likiwa rahisi, na urahisi huo kuna anayeugharamia: kijiji kilichopoteza msitu, mzinga wa mfuga nyuki uliokosa maua, na mto unaojaa tope.

Nchi nzima nayo inagharamia. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba biashara ya mkaa Tanzania ina thamani ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka, kwamba takriban nusu ya mkaa wote unachomwa kwenye majiko ya Dar es Salaam, na kwamba Serikali inapoteza mapato ya dola milioni 100 hivi kila mwaka kwa sababu sehemu kubwa ya biashara hii inapita pembeni. Jiji moja, nusu ya mkaa wa nchi. Sisi tunaopika kuanzia alfajiri hadi usiku hatuwezi kusema hayo yanawahusu wengine.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Wenzetu wa siku nyingi wanakumbuka Januari 2006, Serikali iliposimamisha biashara ya mkaa. Zuio lilidumu kama wiki mbili tu. Bei ilipaa, watu wa kipato cha chini wakahangaika, na likaondolewa. Naliheshimu lengo lililokuwa nyuma ya hatua ile. Lakini mtu mwenye sufuria na watoto wa kulisha haachi kupika kwa sababu kuna tangazo. Atanunua kwa aliyeficha, kwa bei ya aliyeficha.

Mwaka huu kamati yenu ilijifunza njia nyingine, na naomba mniruhusu niieleze kwa utaratibu. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji kadhaa vimekuwa vikizalisha mkaa kwa mpango maalumu ulioanza mwaka 2012. Kijiji kinatenga msitu wake wa hifadhi, jambo ambalo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaliruhusu, kisha ndani ya msitu huo kinatenga sehemu ndogo tu kwa ajili ya mkaa. Sehemu hiyo inagawanywa viraba vya mita 50 kwa 50. Ukivuna kiraba hiki, cha jirani unakiacha kimesimama, kama ubao wa drafti. Kiraba kilichovunwa hakiguswi tena kwa miaka 24. Miti ya miombo, yaani ya misitu ya asili ya huko, ina tabia nzuri: ikikatwa vizuri, kisiki kinachipua chenyewe bila mtu kupanda mche. Kwenye vyanzo vya maji na kwenye miinuko mikali hapakatwi. Wachomaji wanafundishwa tanuri bora la udongo, lenye mpangilio mzuri wa magogo na njia ya hewa, ili mti mmoja utoe mkaa mwingi zaidi. Hili si jambo dogo, maana tanuri la kienyeji linaweza kula kilo nane hadi kumi za kuni kukupa kilo moja ya mkaa.

Na mti unalipiwa. Kila gunia linalotoka lina ushuru wa kijiji, na kutokana na ushuru huo vijiji vimejenga madarasa, vimekarabati zahanati na vinawalipa walinzi wa msitu. Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kijiji kinachopata kitu kutokana na msitu uliosimama kina sababu ya kumfukuza mwizi, na kina sababu ya kumkatalia anayetaka kulifyeka eneo lote alime ufuta. Tusisahau kwamba kinachoongoza kumaliza misitu ya nchi hii ni kilimo, mkaa ukiwa pembeni yake. Msitu usiomwingizia mwanakijiji chochote, mwaka wa njaa atauona ni shamba lililochelewa kulimwa.

Yupo mama mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kuonyesha kwamba watu wanaotumia kwa pamoja msitu, malisho au maji wanaweza kujitungia kanuni na kuzisimamia wenyewe, mradi wawe na haki juu ya mali hiyo na waweze kumwadhibu anayevunja utaratibu. Nilipolisoma hilo niliwaza mifuko yetu ya vikoba. Nani kati yetu haamini kwamba wanawake ishirini wanaweza kulinda fedha zao bila polisi?

Sasa nije kwa upande wetu, wanunuzi, maana huko ndiko kuna ugumu. Mwenye kununua kwa kopo hawezi kuchagua. Mkaa ulio kwenye kopo hauna jina wala kijiji. Hata ukiwa na nia njema kuliko wote sokoni, huna namna ya kuitumia, na isitoshe kilo ya mkaa wa kopo ni ghali kuliko ya gunia. Ndiyo maana baadhi ya wanachama wetu walijaribu mwaka huu kununua kwa pamoja, gunia kwa gunia, kwa sharti moja: muuzaji aonyeshe karatasi. Kibali cha kuvuna, risiti ya ushuru, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Nilikuwepo siku moja kwenye yadi. Katibu wetu alimwambia muuzaji, "Kaka, tunaomba karatasi za mzigo huu." Akajibu, "Mama, mkaa ni mkaa, angalia weusi wake." Katibu hakubishana. Alimwomba amimine gunia moja juu ya turubai. Juu kulikuwa na mapande makubwa yanayolia kama kigae ukiyagonganisha. Kuanzia katikati kushuka chini, chenga na udongo. Muuzaji wa pili, aliyekuwa akisikiliza, alitoa bahasha. Hati ilikuwa na tarehe, idadi ya magunia, wilaya ulikotoka na namba ya gari. Tulihesabu magunia, yakalingana. Tukanunua kwake, ingawa bei yake ilikuwa juu kidogo.

Nataka mlielewe hilo la "juu kidogo". Mkaa uliolipiwa mti hauwezi kuwa na bei sawa na mkaa wa kuibiwa. Wasafirishaji wanaofuata sheria wanashindana sokoni na wasioifuata, na mnunuzi asipouliza, mwaminifu ndiye anayefilisika. Swali letu moja tu, "karatasi iko wapi?", likiulizwa na watu wengi kwa pamoja, lina uzito ambao mtu mmoja mwenye kopo hana.

Lakini hiyo nyongeza nani ailipe? Mwaka 2009, misitu ya asili ya vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwemo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kumalizwa, na mpingo wake ukapata njia ya kuwafikia watengeneza zumari wa Ulaya na Marekani. Mwenye kununua zumari la maelfu ya dola anaweza kuongeza kidogo na asihisi. Mteja wetu ni kuli, bodaboda, fundi ujenzi, mwanafunzi wa chuo. Sahani ikipanda, anapunguza nyama au anakunywa uji akalala. Mimi kama mwenyekiti sitaunga mkono kupandisha sahani kwa jina la mazingira. Nyongeza itafutwe jikoni kwetu, na ipo.

Ipo kwenye maharage. Kinachokula mkaa wetu hasa ni vyakula vya kuchemka muda mrefu: maharage, makande, supu ya kongoro. Mwanachama aliyeloweka maharage usiku na kuyapika kwenye jiko la presha la umeme anatumia chini ya uniti moja ya LUKU kwa sufuria ambayo kwenye mkaa ingemgharimu makopo. Wali, chapati na kukaanga vinakwenda vizuri kwenye gesi. Mkaa ubaki kwa nyama choma, mahindi, na siku umeme unapokatika. Na unapowasha mkaa, uwe kwenye jiko banifu lenye udongo ndani, si lile la bati tupu linalopasha moto miguu yako. Waliofuata mpangilio huu wameniambia gunia linakaa muda mrefu zaidi kuliko zamani, na bei ya juu ya gunia lenye karatasi haiwasumbui tena. Wametaja pia jambo ambalo fedha haipimi: kikohozi cha asubuhi kimepungua. Takwimu za Serikali zinasema Watanzania takriban 33,000 hufa kila mwaka kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa kupikia, na kwenye moshi ndiko tunakoishi.

Serikali nayo imekwishaonyesha inakoelekea. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati unaotaka Watanzania asilimia 80 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kutoka asilimia 6.9 mwaka 2021. Wenzetu mnaopikia maeneo ya ujenzi, hesabuni sahani zenu; huenda mko karibu na idadi hiyo kuliko mnavyodhani. Kikwazo chetu hatuhitaji kuelezwa. Mtungi wa gesi unajazwa kwa fedha ya mkupuo, wakati mkaa unanunuliwa kwa fedha ya leo. Mama mwenye mtaji wa siku moja hakatai gesi kwa kukosa elimu.

Kuna wanachama waliouliza kwa nini tusihame moja kwa moja tuachane na mkaa wote. Jibu langu ni la dhati. Jiji hili likiacha ghafla kununua hata mkaa wa Kilosa, tutakuwa tumewaadhibu wale waliolinda msitu wao, na ardhi ile italimwa. Tupunguze kiasi, na kile kidogo tunachonunua kiende kwa anayestahili. Mkaa mbadala wa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, nao baadhi yenu mmeujaribu. Unakaa na moto vizuri na hauli mti, ila unatokana na makaa ya mawe, kwa hiyo mimi nauona kama msaada wa muda.

Mapungufu ya jaribio letu yapo. Wakati wa masika lori lilichelewa na waliokuwa wamechangia walirudi kwenye kopo. Pia karatasi inathibitisha mzigo ulivyotoka. Haizuii magunia kuchanganywa yakishafika yadi. Ndiyo maana kamati inapendekeza tupokee mzigo kwenye gari lenyewe, kabla haujashushwa kwenye rundo la mtu.

Hoja zilizo mbele yenu ni tatu. Kwanza, ununuzi wa pamoja wa mkaa wenye karatasi uwe utaratibu wa chama, na magunia ya akiba yanunuliwe kabla ya masika. Pili, sehemu ya faida ya mfuko wa mikopo itengwe kwa mitungi ya gesi na majiko ya presha, marejesho yawe ya kila siku kama tunavyonunua mkaa, badala ya mwisho wa mwezi. Tatu, tuchague watu watatu wa kukagua mizigo, na angalau mmoja wao asiwe kwenye kamati. Kamati imekubaliana kwa kauli moja juu ya hoja ya kwanza na ya tatu. Juu ya ya pili tumegawanyika, kwa sababu wapo wanaoona fedha hiyo ingefaa kuongezwa kwenye mfuko wa kuzikana, na hoja yao ina uzito. Naomba tuanze na hiyo ya pili tukiwa bado na nguvu. Mhazini, karibu usome hesabu ili watu wajadili wakijua kilichopo.