Mwanangu, shimo ulilolichimba linakudai

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kipimo chako cha h ni 4, na mwenzako wa fizikia mliyeanza naye uzamivu ana 19, na sasa unajiuliza kama miaka yako ya akiolojia imepotea.

Kipimo hicho alikibuni mwanafizikia, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Ukiwa na 4, maana yake una makala nne ambazo kila moja imerejelewa katika kazi nyingine za kitaaluma angalau mara nne. Basi, hakina jingine la kusema juu yako. Hakijui kwamba ulipiga magoti misimu mitatu ukikwangua tabaka la majivu lenye unene wa kiganja. Ili mtu arejelee kazi yako kwa maana, sharti naye achimbe kwake, achekeche, aoshe, ahesabu vibanzi vya mawe, apeleke mkaa maabara ukapimwe umri, ndipo apate cha kulinganisha na chako. Hiyo ni miaka, mwanangu.

Isitoshe, hesabu hizo huyaona majarida vizuri kuliko vitabu na ripoti, na fani yetu imebebwa na vitabu na ripoti. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba matabaka mawili ya chini ya Olduvai kuanzia 1960 hadi 1963. Kitabu chake kikatoka 1971. Miaka minane ya kuchora, kupima na kupanga! Yeye huyo ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, tarehe 17 Julai 1959, lakini makala iliyolitangaza katika jarida la Nature mwaka uleule ina jina la mumewe, Louis, peke yake. Naye Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku wa Kenya, ndiye aliyekiona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa kale wa Turkana, mwaka 1984. Makala ya mwaka uliofuata ina majina manne, lake halimo. Kila makala hizo zinaporejelewa, hesabu inawapita walioona kwa macho yao. Nakuomba usiwafanyie hivyo watu unaochimba nao. Aliyegundua, mwandike.

Sasa hili la kuambiwa uyagawe matokeo ya pango ulilochimba katika makala sita fupi. Sikukatazi kutoa moja au mbili mapema. Unahitaji kazi, na kamati za ajira huziangalia namba hizo, tutake tusitake. Lakini ripoti kamili usiiache, na hapa nasema kwa uchungu.

Nilipokuwa na umri wako nilichimba pango moja. Nikaandika makala moja kuhusu tarehe zake, na hiyo ndiyo iliyorejelewa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Ripoti sikuiandika. Kila mwaka nilisema mwakani. Michoro ya matabaka imo katika daftari nne, na wino umeanza kufifia. Udongo tulioutoa hauwezi kurudishwa ulivyokuwa. Atakayekwenda leo kuhakikisha atakuta shimo. Watu wameendelea kuzitumia tarehe zangu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuangalia kama mkaa ule ulitoka kweli pamoja na zana, au uliteremka kupitia tundu la panya. Ipo sampuli moja ambayo mimi mwenyewe siiamini. Niliandika pembeni ya daftari, siku ileile, kwamba udongo wa pale ulikuwa laini kuliko wa jirani yake. Katika makala sikulitaja. Nafasi ilikuwa ndogo, na tarehe ilikuwa ya kale sana, ilipendeza.

Kwa hiyo ukinionesha jinsi makala ile inavyorejelewa, sifurahi kama unavyodhani.

Wewe bado una kila kitu mkononi: picha, vipimo, mawe yenye namba, na watu uliochimba nao wanaokumbuka kila pembe. Anza kuandika kabla kumbukumbu zao hazijachakaa. Maelezo ya kila tabaka, hata yale yasiyo na zana. Jedwali la vibanzi vyote, hata vile vibaya visivyofaa picha. Na kama kuna udongo uliokutia shaka, uandike kwa herufi zilezile ulizoandikia tarehe.

Ukija likizo, njoo na mashine ya kuskani. Tutaanza na daftari la pili, ndilo lenye mchoro wa ukuta wa kaskazini na ile sampuli.

Baba yako